Chumvi Nyingi

Nilikwenda kwa Brígida Quispe na pesa ndani ya soksi,
noti za msimu mzima, zimeshika joto la kifundo changu.
Nikamwambia, nataka turbo.
Sikumwamkia.
Asubuhi ya Uyuni mwezi wa Julai haina salamu:
maji ya ndoo yake yaliganda na ufagio ukiwa ndani.

Nina sababu, nikasema, na mwenye sababu huzitaja zote.
Hewa ya huku juu ni nyepesi mno,
injini inavuta nusu pumzi,
silinda sita zinahema kama wazee watatu.
Mlimani, njia ya Laguna Colorada, vijana wananipita.
Wilder Choque ananipita
na kunipungia mkono dirishani, kwa huruma,
watalii wangu wote wanaona.
Mmoja, mwanamke wa Lyon, aliniuliza kwa upole
kama gari linaumwa.

Isitoshe, kaka yangu Eleuterio amepiga simu toka Calama:
turbo ipo, imetumika kidogo tu,
ina na bomba lake pana la moshi,
utapaa, Saturnino, utawaacha wanakula vumbi!
Eleuterio tangu utotoni hutia chumvi.

Brígida hakujibu.
Alitandika kadibodi, akaingia chini ya gari na bisibisi
mpaka zikabaki nje sketi na buti.
Nikasikia ngo. Ngo. Ngo.
Halafu nikasikia kitu ambacho hakikuwa ngo.
"Njoo uone."
Bisibisi ilikuwa imezama kwenye chesisi
kama kidole kwenye mkate uliolowa chai.

Miaka kumi na tisa tumevuka ule uwanda mweupe,
miezi ya mvua ukiwa kioo, mbingu chini ya magurudumu,
watu wakishuka kupigana picha wakiruka
na mimi nikiwatazama nimeegemea boneti.
Gari langu limekula chumvi nyingi, nilikuwa nikijigamba,
yaani limeishi, limeona.
Sikuuliza siku hata moja
nani alikuwa akimla nani.

"Turbo nitakufungia," alisema, akijifuta mikono.
"Siku hiyo injini itafika Laguna ya kwanza.
Wewe na wageni wako mtafuata baadaye,
mmekaa kwenye viti."

Alicheka peke yake. Kisha akachukua chaki,
akaandika mlangoni kwa herufi za shule ya msingi:
kuchomelea, bamba la milimita nne, pande zote mbili.
Bushi. Rejeta izibuliwe.
Mkanda wa taimingi (akanitazama) umebadilishwa lini?
Nikasema, juzijuzi.
Akaandika mkanda wa taimingi.

Nilivua kiatu.

Usiku Casilda alizihesabu zilizobaki, akazihesabu tena.
Zilitosha springi mbili za nyuma, zile nene,
kwa sababu ya madumu ya petroli juu ya paa.
Ndiyo anasa yangu. Nilizipapasa kama ndama.

Sasa kila nikirudi toka chumvini, hata saa nne za usiku,
najilaza chali barazani na mpira wa maji baridi ya kisima,
naosha tumbo la gari, kona kwa kona,
pale bamba jipya linapokutana na chuma cha zamani,
maji yananiingia mkononi mwa sweta,
yanatelemka mpaka kwapani, nami natukana taratibu
nisiwaamshe watoto.
Yakikauka, nalipulizia oili chafu chini kote.
Linanuka. Wageni hufungua madirisha.

Na jana mlimani, Wilder alinipita.
Nilikuwa gia ya pili, nasikia springi zikibeba mzigo bila kulalama,
nasikia chesisi kimya, kimya kizuri,
na moyo wangu, siwezi kudanganya,
ukakanyaga mafuta hadi mwisho
mahali ambapo mguu haukukanyaga.
Ile turbo ingali Calama.
Eleuterio anasema amepunguza bei.